Khiyari Katika Mikataba: Kutoka Soko la Madina Hadi Hati za Nyumba za Mbagala

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, au Tandika, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, ipo karatasi iliyozoeleka sana. Juu imeandikwa "Hati ya Mauziano". Ndani inasema kwamba fulani amemuuzia fulani nyumba au kiwanja kwa kiasi kadhaa, na mashahidi wametia saini. Lakini ukimuuliza muuzaji atakwambia hakuuza chochote; alikopa. Ameambiwa akirudisha fedha ndani ya miezi kadhaa hati itachanwa, na asiporudisha nyumba imekwenda. Mikopo ya namna hii watu wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo halihitaji sherehe.

Wapo wanaoitetea karatasi hii kwa hoja ya dini. Husema kuwa hii si riba bali ni biashara, na kwamba muuzaji amepewa khiyari ya kurejesha mali yake, na khiyari ni jambo la sheria. Hoja hii si ngeni. Ina umri wa karne nyingi, na pwani yetu ya Afrika Mashariki imekwisha kuionja. Katika makala haya tutaeleza khiyari ni nini katika fiq'hi, kisha tutafuata historia ya namna jina hilo lilivyotumika kufunika deni, ili msomaji aweze kupambanua.

Maana ya khiyari

Neno khiyari ndilo lililozaa neno letu la Kiswahili "hiari". Katika istilahi ya mafuqahaa, khiyari ni haki ya mmoja wa wenye kufunga akdi, au wote wawili, kuchagua kati ya kuiendeleza akdi au kuivunja. Asili ya akdi ya kuuza ni kufunga. Yaani ikishatimia haina kurudi. Khiyari imekuja kama rehema juu ya asili hiyo.

Msingi wake ni ridhaa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah (S.W.T.) amekataza waumini kuliana mali zao kwa batili, akaivua biashara inayofanyika kwa kuridhiana. Ridhaa haipatikani kwa mtu aliyedanganywa, aliyeharakishwa, au aliyeuziwa asichokijua. Khiyari ni mlango ambao sheria imeuacha wazi kidogo, ili anayeingia ndani ya mkataba awe ameingia kweli kwa ridhaa yake.

Aina zake mashuhuri

Ya kwanza ni khiyari ya majlisi, yaani ya kikao. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar na Hakim bin Hizam (R.A.) kwamba wauzianao wana khiyari maadamu hawajaachana. Imamu Shafii na Imamu Ahmad wameichukua kwa dhahiri yake: maadamu wawili hawa bado wako pamoja pale dukani, kila mmoja anaweza kurudi nyuma. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wameona kuachana kunakokusudiwa ni kwa maneno, si kwa miili, ijapokuwa Imamu Malik mwenyewe ameipokea hadithi hiyo katika Muwatta. Ibn Umar, aliyeipokea, alikuwa akipenda kitu alichonunua huondoka hatua chache ili biashara ifunge.

Ya pili ni khiyari ya sharti. Hapa wawili wanakubaliana kwamba mmoja wao, au wote, wapewe muda wa kufikiri. Asili yake ni kisa cha Habban bin Munqidh (R.A.), na wengine wamesema ni baba yake, ambaye akili yake ilidhoofika kwa jeraha la kichwa na akawa anapunjwa sokoni. Mtume (S.A.W.) hakumzuia kufanya biashara. Alimfundisha aseme wakati wa kununua kwamba pasiwe na hadaa, kisha awe na siku tatu. Imamu Shafii na Abu Hanifa wakasimama kwenye siku tatu. Wanafunzi wakubwa wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, pamoja na Imamu Ahmad, wakaruhusu muda wowote madhali unajulikana. Imamu Malik akautazama muda kwa kadiri ya haja ya kitu chenyewe, kwani nyumba si kama nguo.

Ya tatu ni khiyari ya aibu, yaani kasoro. Mnunuzi akikuta kasoro ya zamani inayopunguza thamani, ambayo hakuijua, ana haki ya kurudisha. Hii haihitaji kuandikwa. Imo ndani ya akdi yenyewe. Katika Muwatta kimo kisa cha Ibn Umar aliyemuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hatadaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman (R.A.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba aliuza bila kujua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa, na baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500. Wafanyabiashara wetu wanaoandika kwenye risiti kuwa mali ikishauzwa hairudishwi wangefaa kukizingatia kisa hiki. Katika madhehebu ya Shafii sharti la namna hiyo halimwokoi muuzaji isipokuwa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Zipo nyingine: khiyari ya kuona kwa Mahanafi, kwa aliyenunua kitu bila kukiona, khiyari ya aliyeuziwa mnyama aliyezuiwa kukamuliwa ili aonekane ana maziwa mengi, na khiyari ya mwenye bidhaa aliyepokewa njiani kabla hajafika sokoni na kujua bei. Ukizitazama zote utaona jambo moja. Khiyari inamlinda aliye dhaifu katika akdi: mgeni wa soko, asiyeona kasoro, mwenye akili nzito. Haikuwekwa kwa ajili ya aliye na nguvu.

Jinsi jina lilivyobadilishiwa kazi

Tatizo lilianza pale watu walipohitaji mikopo, na wenye mali wakataka faida, na riba imeharamishwa. Katika karne ya tano ya Hijra, katika miji ya Bukhara na Balkh, ilienea akdi iliyoitwa bei ya wafaa. Mtu anauza nyumba au shamba kwa masharti kwamba akirejesha thamani atarudishiwa mali yake, na kwa muda wote huo "mnunuzi" anafaidi mazao. Mahanafi walikhitalifiana: wako walioiona ni bei, wako walioiona ni rehani tu, na wako walioiruhusu kwa haja za watu. Majalla, kanuni za dola ya Uthmaniya zilizotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, ziliipa bei hii vifungu vyake, na zikaifanya ifanane na rehani kwa kuwa mnunuzi hawezi kuiuza mali ile kwa mtu mwingine.

Kwa Mashafii wa Hadhramaut ikaitwa bei ya uhda, nao waliikubali kwa sharti kwamba ahadi ya kurudisha isitiwe ndani ya akdi. Oman, kwa Maibadhi, ikaitwa bei ya khiyari, kwa kuwa huko khiyari ya sharti haikufungwa kwenye siku tatu na iliweza kuwekwa kwa miaka. Na watu wa Oman na Hadhramaut ndio waliokuwa wakija na kukaa pwani yetu. Karatasi zao zilikuja pamoja nao.

Beikhiyari Zanzibar

Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na kilimo cha karafuu kikapanuka visiwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mashamba yalikuwa mengi, fedha taslimu zilikuwa chache. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, na fedha zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi. Hati iliyowaunganisha mara nyingi ilikuwa ya bei ya khiyari, ambayo Waswahili waliiita beikhiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" tajiri kwa kiasi cha mkopo, akabaki na khiyari ya kulikomboa kwa muda uliotajwa. Mara nyingi alibaki palepale shambani, akilipa kodi kwa "mnunuzi" kana kwamba amepanga shamba lake mwenyewe. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa. Mwenye shamba asiye na mavuno hakuwa na cha kukombolea, lakini muda wa khiyari haukumngojea. Wengine waliongeza muda kwa kuongeza deni. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi walihesabiwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, na kesi zao zikapelekwa kwa balozi wa dola hiyo. Hivyo hati iliyoandikwa kwa lugha ya fiq'hi ikaja kuamuliwa na mtu asiyeijua fiq'hi. Baada ya Zanzibar kuwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, mahakimu wa kikoloni walizoea kuitazama beikhiyari kama rehani yenye jina jingine. Kitabu walichokitegemea kuijua madhehebu ya Shafii kilikuwa Minhaji ya Imamu Nawawi, katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1914, nayo ilitokana na tafsiri ya Kifaransa.

Madeni hayakwisha. Kufikia mwaka 1934, bei ya karafuu ikiwa imeshuka, Serikali ya Zanzibar ilitoa sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia kwa wasiokuwa wao bila kibali, na kusimamisha kwa muda ukamataji wa mashamba kwa ajili ya madeni. Sheria hizo zilizua mivutano mikubwa. Lakini funzo letu liko kabla ya hapo: karatasi iliyosema "nimeuza kwa khiyari" haikumpa mwenye shamba khiyari yoyote. Ilimpa tarehe tu.

Fiq'hi ilisema nini?

Isije ikadhaniwa kwamba wanavyuoni walinyamaza. Kwa Maibadhi wenyewe, Sheikh Nuruddin as-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, ni miongoni mwa walioikemea bei ya khiyari ambayo mnunuzi wake hakusudii kitu bali anakusudia mazao. Hoja yake ni nia: asiyetaka shamba hakununua shamba, amekopesha.

Ama kwa Mashafii, ambao ndio wengi wa watu wa pwani hii, jambo liko wazi zaidi. Kwanza, khiyari ya sharti kwao haizidi siku tatu. Pili, wamesema khiyari ikiwa ya muuzaji peke yake, basi katika muda huo milki ni yake na mazao ni yake. Chukua kanuni hii uiweke juu ya beikhiyari: kama kweli ni khiyari ya muuzaji, karafuu ni za muuzaji, na hakuna kodi ya kulipa. Na kama mazao ni ya mnunuzi, basi ile si khiyari. Anayetaka jina la khiyari pamoja na mazao anataka vitu viwili ambavyo madhehebu haya hayavikusanyi.

Wako waliojenga hoja juu ya hadithi inayosema kwamba mazao hufuata dhamana, wakisema mnunuzi anastahiki faida kwa kuwa mali iko juu yake. Hoja ni sahihi pale dhamana inapokuwa ya kweli. Lakini shamba likiungua, je, tajiri alisema hasara ni yangu na deni limekufa? Kama fedha zake anazidai vilevile, basi hakubeba dhamana yoyote, na faida hana.

Katika zama zetu, Baraza la Fiq'hi la Kimataifa lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1992, likapitisha kwamba bei ya wafaa kwa uhakika wake ni mkopo ulioleta manufaa, na kwamba haijuzu. Huo ndio mwisho wa safari iliyoanzia Bukhara.

Dar es Salaam na pembezoni mwake

Mji wa Dar es Salaam wenyewe ni mtoto wa Zanzibar. Sultani Majid bin Said aliuanzisha katika miaka ya 1860 kando ya Mzizima. Mji ulipokua chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, mashauri mengi ya wenyeji yalisikilizwa na maliwali na makadhi. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliondoa mahakama hizo Tanzania Bara. Tangu hapo Mwislamu wa Temeke anaweza kufunga akdi kwa fiq'hi, lakini ikivunjika ataipeleka mbele ya hakimu wa serikali, na mbele ya hapo kuna karatasi tu.

Vitongoji vyenyewe vilikua kwa kuuziana. Temeke, Magomeni na Kinondoni vilipangwa kama makazi ya Waafrika katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Miaka ya 1970 ikaja miradi ya viwanja ya Sinza na Kijitonyama, kisha Tandika na Mtoni. Zaidi ya hapo, watu walinunua mashamba ya minazi na mikorosho, wakayakata vipande, wakaandikiana mbele ya mjumbe na serikali ya mtaa. Kwa hiyo hati ya mauziano imekuwa ndiyo hati ya umiliki kwa familia nyingi mno. Aliye nayo ana nyumba. Hapo ndipo mkopeshaji alipoona njia.

Tuchukue mfano. Mtu ana nyumba Mbagala yenye thamani ya shilingi milioni 40. Mtoto anaumwa, anahitaji milioni 5. Anatia saini kwamba ameuza kwa milioni 5, anabaki ndani, na kila mwezi analipa "kodi" ya laki 5. Baada ya miezi sita amelipa milioni 3, na bado anadaiwa milioni 5 zote. Akishindwa, nyumba ya milioni 40 imekwenda kwa milioni 5, naye ametoa milioni 3 juu yake. Hii ni beikhiyari ya Zanzibar neno kwa neno. Imebadilika tu mikarafuu ikawa matofali.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka kwamba rehani ni dhamana tu na haihamishi umiliki, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza wa ndoa. Mkopeshaji anayekwepa neno "rehani" na kuandika "mauziano" anazikwepa kinga hizo. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni.

Maswali matatu ya kupambanua

Msomaji akiletewa hati na kuambiwa ni bei yenye khiyari, na aulize mambo matatu. La kwanza, bei: je, ni thamani ya mali, au ni kiasi cha shida ya mwenye mali? La pili, hasara: nyumba ikibomoka leo, nani amepoteza? La tatu, malipo ya kila mwezi: kama muuzaji bado ana khiyari, kwa nini analipia kukaa kwake? Majibu yakielekea kwenye deni, basi ni deni, na kila kinachozidi juu yake ni riba hata kikiitwa kodi.

Hatusemi mtu asikope wala asitoe dhamana. Rehani ni halali. Imetajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 283, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliweka deraya yake rehani kwa Yahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri. Lakini rehani iandikwe rehani: deni litajwe kiasi chake, mali ibaki ya mwenyewe, na muda ukipita bila malipo, mali iuzwe kwa thamani ya soko, mdai achukue haki yake na kinachobaki kirudi kwa mwenye nyumba. Katika mfano wetu, mdai angechukua milioni 5 na mwenye nyumba angeondoka na milioni 35. Na kabla ya kufika huko, aya ya 280 ya sura hiyohiyo imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa.

Na khiyari ya kweli tuihuishe mahali pake. Anayenunua pikipiki iliyotumika Tandika na aombe siku tatu za kumpelekea fundi. Anayenunua kiwanja Chamazi au Bunju na aandike kwamba ana khiyari mpaka athibitishe kwa serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi kuwa hakijauzwa kwa mwingine. Akihitaji wiki mbili, basi kauli ya Abu Yusuf, Muhammad na Imamu Ahmad inamtosha, madhali muda umetajwa. Kinga hii haina gharama, iko katika dini yetu tangu zama za Habban, na wengi wanaolizwa na viwanja vya kuuzwa mara mbili hawakuwahi kuiomba.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atuepushe na kuliana mali kwa batili, na awafungulie wenye madeni njia ya kutoka. Wallaahu a'lam.